Miaka Kumi kwa Mkopo wa Mitano

Glenys Sugden alikuwa mtu wa hasira, na hapa Ossett, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, kila aliyemjua alishazoea. Hasira ndiyo iliyomlipia kodi ya kile chumba chake juu ya duka la samaki na chipsi, chumba ambacho hata karatasi zake zilinuka mafuta ya kukaangia. Mlangoni alibandika kibao kidogo: USHAURI WA RIBA KWA MAKAMPUNI. HATUPOKEI SENTI YA BENKI. Hiyo sentensi ya pili aliiandika kwa herufi kubwa kuliko ya kwanza. Fundi wa vibao alipomwambia imekaa vibaya, akamjibu kwamba benki zimekaa vibaya zaidi.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza, ingawa wanaoiuza hupenda ionekane ngumu. Kampuni ikikopa, riba ya mkopo hupanda na kushuka pamoja na soko. Mwenye kampuni anaogopa isije ikapanda ikamfilisi, kwa hiyo benki inamuuzia kinga: mkataba wa pembeni unaosema, kuanzia leo, wewe utahesabiwa riba hii hii moja, soko lipande lisipande. Likipanda, umepona. Likishuka, wenzako wanalipa kidogo, wewe unaendelea na ile ile. Na ukitaka kutoka kabla ya muda kwisha, unalipa pengo lote lililobaki kwa mkupuo. Kuna kinga nzuri na kuna kinga ya kumfunga mtu kitanzi, na tofauti yake iko kwenye muda, kiasi na bei. Kazi ya Glenys ilikuwa kukaa upande wa mnunuzi na kumwambia ni ipi anayouziwa.

Aliijua kazi hiyo kwa sababu aliwahi kukaa upande wa pili. Aliingia benki ana miaka kumi na saba, binti wa dereva wa basi, akapanda ngazi mpaka kwenye meza ya kuuza kinga kule Leeds. Mwaka 2007 alimuuzia Bi Edna Thackray, mjane mwenye hoteli ya vyumba kumi na vinne kule pwani, Scarborough, kinga ya miaka kumi kwa karibu asilimia sita. Mwaka uliofuata masoko ya fedha ya dunia yakaanguka, riba ikashuka mpaka nusu ya asilimia, na Bi Edna akabaki analipa sita. Alipouliza atoke vipi, gharama ya kutoka ilikuwa kubwa kuliko paa la hoteli na kila kilichokuwa chini yake. Yule mama alipanda treni akaja mpaka Leeds, ameshika keki ya matunda kwenye kopo. Akasema, "Samahani mwanangu kukusumbua, najua una kazi nyingi." Glenys akampa karatasi yenye ile namba. Bi Edna akaisoma, akaikunja, akasema asante. Akaacha na keki.

Hoteli ilichukuliwa. Glenys kwa bonasi ya mwaka ule alikuwa ameshajenga jiko jipya la marumaru nyumbani kwake, na hadi leo hawezi kusimama mbele ya lile sinki bila damu kumchemka. Hasira yake kwa benki ilikuwa kubwa. Hasira yake kwa nafsi yake ilikuwa kubwa zaidi. Lakini kulikuwa na hasira ya tatu ambayo hakupenda kuitaja, nayo ilikuwa kwa Bi Edna mwenyewe, kwa ile asante. Mtu ananyongwa, anamshukuru mnyongaji kwa kumfungia kamba vizuri! Ndivyo tulivyo watu wa huku. Tukikanyagwa mguu tunaomba radhi kwa kuuweka pale.

Basi mwaka 2023, mwezi wa kumi, akaja kwake Clifford Garside.

Clifford alikuwa na miaka sitini na tatu na kiwanda cha magodoro alichoachiwa na baba yake, wafanyakazi themanini na wanne, wengi wao wanawake wa cherehani. Hakuwa na mtoto. Alikuwa ameshaamua kwamba baada ya miaka mitano atawakabidhi wafanyakazi kiwanda kiwe chao, na ili awakabidhi kitu cha maana alikuwa anakopa pauni milioni tatu anunue mashine mpya. Mkopo wa miaka mitano. Benki ilikubali, kwa sharti kwamba anunue kinga.

"Keith anasema ni utaratibu tu," Clifford alisema, ameweka kofia yake yenye mvua magotini. "Kinga ya miaka kumi, mkopo wote."

"Mkopo ni wa miaka mingapi, Bwana Garside?"

"Mitano."

"Na kinga?"

"Kumi."

"Hebu rudia."

Clifford akarudia, safari hii sauti ikiwa chini kidogo.

"Wewe ukinunua gari la kukaa nalo miaka mitano, utalipia bima miaka kumi?" Glenys alikuwa ameshasimama. "Hilo gari umeshamgawia mtu! Miaka mitano ijayo unawapa wale akina mama kiwanda, na ndani ya kiwanda umewafichia nyoka. Riba ikishuka, wao ndio watakaolipa pengo. Huyo Keith ni nani?"

Keith Mallinson alikuwa meneja wa benki aliyemhudumia Clifford kwa miaka thelathini. Zaidi ya hapo, alikuwa akikaa naye kiti kwa kiti kwenye bendi ya tarumbeta ya mji, Clifford na lile tarumbeta lake kubwa la besi, Keith na lile dogo. Mke wa Clifford alipokuwa anaumwa saratani, Keith ndiye aliyempeleka hospitali kila Alhamisi, kwa gari lake, miezi mitano. Clifford aliyaeleza haya yote polepole, kama mtu anayetoa vyeti vya tabia njema.

"Ni mtu mzuri," akamaliza.

"Sikukuuliza uzuri wake. Nimeuliza anauza nini."

"Usimseme hivyo, mama. Humjui."

Glenys akaliacha hilo. Akamwambia anachotakiwa kununua: kinga ya miaka mitano, kwa nusu tu ya mkopo, nusu nyingine iachwe iende na soko. Benki ilitaka kinga ya kuiridhisha, na hii ingeiridhisha benki yoyote yenye haya. Kisha akamweleza siku ya kununua itakavyokuwa, kwa sababu kinga hainunuliwi kwa barua. Hununuliwa kwa simu. Muuzaji wa benki aliyeko London anataja kiwango, soko linakwenda kila sekunde, mteja anasema nimekubali, muuzaji anasoma masharti yote, mteja anasema tena ndiyo, na hapo imefungwa. Simu yote inarekodiwa.

"Akitaja kiwango, wewe nyamaza," Glenys alisema. "Mimi nitakuwa na skrini yangu, naona bei ya soko yenyewe. Atakuwa ameongeza chake juu. Ukinyamaza, atapunguza. Wote hupunguza. Kimya ndicho wanachokiogopa."

"Ninyamaze kwa muda gani?"

"Mpaka nikupe ishara. Tujaribu. Mimi ndiye London. Asilimia tano, Bwana Garside."

Clifford akanyamaza. Akatazama dirisha. Akakuna shingo. Sekunde ya saba akasema, "Mvua hii, lakini, haijakatika tangu jana."

Walijaribu mara nne. Rekodi yake ilikuwa sekunde kumi na moja, na alitoka jasho.

Kwa muda wa wiki mbili Glenys aliiandikia benki mara tatu akiuliza swali moja: mteja akitaka kutoka kwenye kinga ya miaka kumi mwishoni mwa mwaka wa tano, na riba imeshuka kwa asilimia mbili, atalipa kiasi gani? Mara ya kwanza alijibiwa kwa kijitabu chenye picha ya watu wanaocheka. Mara ya pili alitumiwa kijitabu kile kile. Mara ya tatu hakujibiwa. Alikichana kijitabu vipande vipande, na mwenye duka la samaki akapanda ngazi kuuliza kama kuna kitu kimeanguka.

Siku ya simu ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, ofisini kwa Clifford, juu ya ukumbi wa cherehani. Glenys alifika mapema na kompyuta yake. Alipofungua mlango alimkuta Keith ameshakaa, koti la mvua limetundikwa, anafungua pakiti ya biskuti.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Nimekuja kumpa rafiki yangu moyo tu," alisema Keith. Alikuwa mwanamume mnene wa uso mwema. "Karibu biskuti, Bi Sugden. Cliff amenisimulia sana habari zako."

"Moyo anao. Toka."

"Glenys," Clifford alisema, uso umeiva. "Tafadhali. Keith amekuja mvua yote hii."

Glenys aliona mchezo mzima pale pale. Wamemleta yule mwenye uso mwema ili kimya kisiwezekane. Huwezi kumnyamazia mtu anayekutazama na biskuti mkononi, mtu aliyembeba mke wako mikononi kutoka garini. Alifura akataka kuondoka. Akabaki, kwa sababu chini ya sakafu zilikuwa zinalia cherehani za wale akina mama.

Simu ikaita kwenye spika. Alikuwa Giles Fanshawe wa London, sauti laini ya mtu asiyewahi kupandishiwa sauti.

"Bwana Garside, habari za asubuhi! Huko kwenu mnaogelea, nasikia?"

"Hee, ni hivyo hivyo, Giles, hivyo hivyo."

"Sasa. Miaka mitano, nusu ya mkopo, kama mshauri wako alivyoomba. Naweza kukupa asilimia nne nukta tisa tano."

Skrini ya Glenys ilisema nne nukta tano mbili. Akaandika kwenye karatasi HAPANA, akaisukuma mezani. Clifford akanyamaza.

Sekunde tano. Keith akatazama viatu vyake. Sekunde nane. Clifford alianza kuvuta pumzi kama mtu aliyezama. Sekunde ya kumi na mbili, na Glenys akawaza, ataweza, mzee huyu ataweza.

"Au," akasema Giles, "miaka kumi, mkopo wote, kwa nne nukta tatu tano. Ni nafuu zaidi, unaona mwenyewe."

"Ndiyo ile niliyokuambia, Cliff," Keith akasema kwa upole. "Utalala usingizi. Nami nitalala."

Miezi ile soko lilikuwa limepinda, kinga ya muda mrefu ikawa bei chini kuliko ya muda mfupi, kwa sababu kila mwenye akili London alijua kwamba riba itashuka. Waliokuwa wanajua itashuka ndio waliokuwa wanamuuzia mtu wa magodoro kinga ya isipande. Clifford akamtazama Keith. Akatazama karatasi. Akasema, haraka haraka, kama mtu anayelipa bili kabla mwenzake hajatoa pochi:

"Haya basi, Giles, sawa. Tusipoteze wakati wa watu. Nimekubali ya kumi."

"Vizuri sana. Nasoma masharti. Bwana Clifford Garside, kwa niaba ya—"

Glenys alipiga meza kwa kiganja mpaka chai ikaruka.

"Usisome! Jibu kwanza. Nimekuuliza mara tatu kwa maandishi. Mwisho wa mwaka wa tano, riba imeshuka asilimia mbili, kutoka ni pauni ngapi?"

"Nani anaongea, samahani?"

"Unanijua vizuri. Umenitumia picha za watu wanaocheka. Taja namba."

"Bi Sugden, hilo ni swali la kinadharia, na mteja ameshasema—"

"Nadharia yako kaipike ule! Simu inarekodiwa, mimi na wewe tunalijua hilo. Taja namba, au sema kwa sauti kwamba unakataa kumwambia mteja namba."

"Siwezi kutaja namba bila wenzangu kuipitia."

"Basi naitaja mimi. Laki mbili na elfu themanini, pauni. Kwa mkupuo. Kwa mkopo ambao siku hiyo utakuwa umeshalipwa, haupo! Wafanyakazi themanini na wanne watapokea kiwanda, na kesho yake watapokea hiyo. Sema nimekosea. Sema, Giles! Nimekaa kwenye kiti chako miaka kumi na tisa, nimewaambia watu hayo hayo unayoyasema, kwa sauti hiyo hiyo. Nimekosea?"

Mahali fulani nyuma ya Giles mtu alikuwa anacheka jambo lake jingine.

Clifford aligeuka taratibu.

"Keith. Ulikuwa unaijua hiyo?"

"Cliff, hapa si mahali pake."

"Ulikuwa unaijua?"

Keith aliiweka biskuti kwenye sahani. "Kila mtu wa benki anaijua, Cliff. Mimi nina malengo ya kutimiza kabla ya mwaka kwisha. Ni biashara tu, si—hakuna ubaya wowote."

"Bwana Garside?" alisema Giles. "Nichukulie tumekubaliana?"

Clifford hakujibu. Alikaa, mikono juu ya meza, anamtazama rafiki yake, na sekunde zikapita kumi, zikapita ishirini, na hakuzungumzia mvua. Keith ndiye aliyeshindwa. Alisimama, akachukua koti lake, akasema kitu kuhusu maegesho ya gari, akatoka. Simu ilikuwa bado inaita jina. "Bwana Garside? Uko nasi?"

"Hapana," Clifford alisema, akakata.

Glenys hakungoja hata kompyuta ipoe. Aliandika barua pale pale akiitaka benki iitunze rekodi ya simu ile, na akapeleka nakala kwa watu watatu ambao benki isingependa waipate. Kesho yake saa tatu asubuhi London ilipiga yenyewe. Haikuwa Giles. Miaka mitano, nusu ya mkopo, nne nukta sita. Kinga ilifungwa kwa dakika mbili, na Clifford alijibu ndiyo na ndiyo, basi.

Wiki iliyofuata Glenys alikwenda kiwandani na karatasi za mwisho za kutia sahihi. Clifford alitia sahihi akiwa amesimama. Hakumwambia akae, na hakumpa chai. Asiyekuwa mtu wa huku hawezi kulielewa hilo. Huku hata fundi anayekuja kukukatia maji hupewa chai.

"Ankara yako nimeilipa asubuhi," alisema.

"Nimeiona. Asante. Umefanya jambo kubwa, Bwana Garside."

"Keith ameacha bendi. Mashindano ni Jumamosi ijayo, hatuna mtu wa kiti kile."

"Mtampata mwingine."

"Miaka thelathini, Glenys."

Hapo hasira ikampanda. "Sasa mimi ndiye niliyekupotezea? Alikuja humu na biskuti kukuuza! Angekuuza mchana na jioni akakaa kiti cha pembeni yako akapuliza tarumbeta. Ungetaka hivyo?"

"Ndiyo," Clifford alisema.

Glenys alizirudisha karatasi mezani.

"Nilijua tangu nilipomkuta Keith mlangoni siku ile," Clifford akaendelea, anatazama dirishani. "Si namba. Namba sikuijua. Lakini nilijua kuna kitu, na nikasema nimekubali. Nilikuwa nanunua ili nisijue. Hata kwa bei ile uliyoitaja, ningenunua."

"Kwa pesa ya nani?" Glenys alipaza sauti. "Kwa pesa ya nani, Clifford? Sio yako! Wewe ungekuwa umestaafu, unapuliza besi yako. Ni hao walioko chini! Ulitaka hao wanawake wakulipie urafiki wako!"

Akasikia cherehani zinalia. Clifford akageuka, macho mekundu.

"Hilo nalijua. Nimelijua toka Jumatano, sina haja ya kukumbushwa. Ndiyo maana sitaki kukuona tena hapa. Nenda, mama. Tafadhali."

Glenys akakusanya karatasi zake. Alishuka ngazi na hasira imemjaa mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na kitu hakujua aielekeze wapi. Alikuwa na kweli yote upande wake, na haikumfaa kitu. Alipokuwa anapita katikati ya ukumbi, mwanamke mmoja wa makamo, mkanda wa kupimia shingoni, alisimamisha cherehani yake. Hakujua Glenys ni nani. Aliona tu mgeni anayetoka kwa bosi, uso umemvimba.

"Vipi, mpenzi, hali yako? Huko juu wamekupa chai kweli?"

"Wamenipa," Glenys alisema. "Nimekunywa, asante sana. Samahani kuwasumbua."

Alikuwa ameshafika kwenye maegesho aliposikia alichokisema, kwa maneno ya Bi Edna. Alisimama kwenye mvua, mkono kwenye kitasa cha gari, akajitukana kwa sauti mpaka mlinzi akatoka kibandani kuuliza kama anahitaji msaada.